Chombo cha mizigo cha mashine na tanga kwa njia ya Mafia: tuanzie wapi?

Swali, nimelifupisha kidogo: "Sisi ni kikundi cha wafanyabiashara wa Kilindoni, Mafia. Tunapeleka Dar nazi, korosho na dagaa, tunarudi na saruji, mabati, unga na soda. Jahazi la mashine tunalokodi linatumaliza kwa dizeli. Tunataka kuunda chombo chetu cha kubeba tani 100, cha mashine lakini kisaidiwe na tanga, kipige Dar, Mafia na Kilwa, na Mtwara ikibidi. Fundi wetu anasema tuweke mlingoti na foromali, ile boriti ya kubebea tanga, kama majahazi ya zamani. Kijana wetu aliyeko chuo anatuonyesha video za meli za Ulaya zenye nguzo zinazozunguka. Kaka mhandisi, tumsikilize nani, na tanga liwe kubwa kiasi gani?"

Dada yangu, ukubwa wa tanga nitaufikia, ila uniruhusu nianzie kwenye mwendo, maana hapo ndipo vyombo vingi vya aina hii hufia kabla hata ya kushushwa majini. Mtu anakuja na wazo zuri la tanga. Nikimuuliza anataka noti ngapi ananijibu tisa au kumi, kwa sababu ndivyo chombo cha jirani kinavyokwenda. Kwa mwendo huo tanga litakuwa pambo la gharama.

Hesabu yenyewe haitishi. Tuseme chombo chenu ni cha chuma, urefu mita 28, na kikishajaa shehena, mafuta na maji kinakaribia uzito wa tani 250. Kikienda noti 7, yaani maili 7 za baharini kwa saa, maji yanakizuia kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 900 hivi. Kipeleke noti 9, na ukinzani huo unapita tani 2. Mwendo umeongezeka kidogo, ukinzani umezidi maradufu, kwa sababu sasa chombo kinalima wimbi kubwa mbele na kukokota jingine nyuma. Upande wa mashine tofauti ni kali zaidi: noti 7 zinahitaji kama kilowati 65 hadi 80 kwenye shafti, noti 9 zinadai karibu 200.

Sasa pandisha tanga. Mita za mraba 200, na upepo wa ubavuni wa noti 15, ambao pwani yetu huupata mara kwa mara mchana wa kusi, msimu wa upepo wa kusini. Ukiondoa ile sehemu ya nguvu inayokisukuma chombo kando, zinabaki kama kilo 600 za kusukuma mbele. Kwa noti 7 hiyo ni theluthi mbili ya kazi yote, mashine inamalizia tu. Kwa noti 9 ni robo na kitu. Tanga ni lilelile, mlingoti uleule, bei ileile. Tena propela hupoteza karibu nusu ya nguvu inayopewa na mashine, kwa hiyo msukumo unaotoka kwenye tanga unaipunguzia mashine mzigo karibu mara mbili yake. Katika mfano huu ni kama kilowati 40, na kwa dizeli ya kawaida hizo ni lita 10 hivi kila saa upepo unapokaa hivyo.

Utaniambia wateja wanataka haraka. Dar hadi Kilindoni ni kama maili 70 za baharini. Chombo cha noti 9 kinazimaliza kwa muda usiofika saa 8, cha noti 7 kwa saa 10. Tofauti ni saa mbili na dakika chache, na wewe unayeishi hapo unajua kinachofuata: maji. Pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, tofauti kati ya maji makuu na maji makavu inaweza kukaribia mita 4. Chombo kilichowahi kwa saa mbili kinatia nanga nje na kusubiri maji pamoja na kilichochelewa. Nimewaona manahodha wakikaza mashine usiku kucha ili kuja kulala nje ya gati. Kwa hiyo ratiba yenu ipangwe kwa jedwali la kujaa na kupwa, mwendo uwe noti 7, na mashine iwe na akiba ya kufika noti 8 hivi siku ya dharura. Mkikubaliana hilo kikundi kizima, na mliandike kwenye muhtasari wa kikao, mambo mengine yote yanakuwa mepesi. Msipokubaliana, nunueni mashine nzuri yenye kula kidogo na muachane na tanga kabisa. Nasema bila kejeli.

La pili ni upande upepo unaotoka. Kutoka Dar kwenda Kilindoni unaelekea kusini, ukiegemea mashariki kidogo. Kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba kusi inavuma kutoka kusini na kusini mashariki, yaani usoni kabisa. Wakati huohuo mkondo mkubwa wa pwani unakwenda kaskazini, na kwenye kusi ndipo unapokuwa na nguvu zaidi, ingawa ndani ya mlango wa Mafia kujaa na kupwa ndiko kwenye kauli kubwa. Basi miezi hiyo kwenda Mafia ni kazi ya mashine, kurudi Dar ni kazi ya tanga. Ikiingia kaskazi, Desemba hadi Machi, inageuka: mnakwenda na upepo, mnarudi mkiukabili. Kwa maneno mengine, kwa mwaka mzima tanga lenu litafanya kazi ya maana safari moja kati ya mbili. Anayewaahidi nusu ya mafuta kwenye njia hii hajaiangalia ramani.

Ila manahodha wa zamani walikuwa na ujanja ambao michoro ya Ulaya haina. Usiku wa manane hadi asubuhi, hata katikati ya kusi, upepo hupoa na kugeuka, ukatoka bara, ndio umande. Ukitoka Dar saa nane au tisa za usiku ukaambaa na pwani, unapata saa kadhaa za upepo wa ubavuni kuelekea kusini kabla kusi haijaamka. Chombo cha mashine na tanga kinaufaidi umande vizuri kuliko jahazi tupu, kwa sababu upepo ukifa saa tatu asubuhi hakikwami, mashine inapokea. Wekeni hilo kwenye ratiba pamoja na maji.

Nikichanganya yote hayo, kwa njia yenu mimi huandika akiba ya robo ya mafuta kwa mwaka, wala sizidishi. Si namba ya kubahatisha: katika miaka ya 1980, baada ya bei ya mafuta kupanda duniani, serikali ya Fiji iliwekea matanga ya ziada baadhi ya meli zake za mashine zinazohudumia visiwa, mojawapo Na Mataisau, na akiba iliyopatikana ilizidi asilimia 20. Mabaharia wake walifurahia jambo jingine pia, kwamba meli iliyopandisha tanga haiyumbi kama mashine tupu. Kwa mtu anayebeba trei za mayai na mbuzi, hilo nalo lina thamani. Mafuta yaliposhuka bei mwaka 1986 hamu ya mambo hayo ikapoa karibu kila mahali, na ndiyo sababu leo tunaanza upya kana kwamba hakuna aliyewahi kujaribu.

Mtwara kutoka Dar ni zaidi ya maili 210. Kwenda huko wakati wa kusi kwa tanga msaidizi ni kuchoma mafuta siku nzima na zaidi ili kurudi bure. Ikubalini tu kama kuna mzigo wa uhakika wa kurudi nao, na iwe mwishoni mwa kusi, korosho zinapoanza kushuka.

Sasa fundi wenu na kijana wenu. Kijana nimalizane naye haraka. Nguzo zinazozunguka si uzushi mpya: Mjerumani Anton Flettner aliziweka kwenye meli Buckau katikati ya miaka ya 1920 na ikavuka Atlantiki nazo. Zinafanya kazi, hasa upepo ukiwa wa ubavuni. Lakini zinahitaji umeme wa kuzizungusha, beringi zake hazipatikani kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar, na upepo ukiwa usoni, hali mtakayokuwa nayo nusu ya maisha ya chombo, nguzo imesimama palepale inawazuia. Hata matanga marefu ya umbo la bawa ya meli ya Kifaransa Canopée, inayobeba sehemu za roketi ya Ariane 6 kwenda Guyana ya Kifaransa, yametengenezwa kwa ajili ya kuvuka bahari kuu siku nyingi kwenye pepo za kudumu, kukiwa na mafundi wa kompyuta nyuma yake. Mwambie aendelee kusoma, tutamhitaji.

Fundi wenu yuko karibu zaidi na ukweli. Tanga la pembe tatu la jahazi ni tanga zuri, linavuta kweli, na yeye analijua kwa mikono. Tatizo ni foromali. Ni boriti ndefu, nzito, inayoning'inia juu ya mahali penu pa kupakulia. Kuihamishia upande wa pili unapogeuza chombo kunataka watu wengi na nafasi, na upepo ukizidi hulipunguzi tanga kirahisi, unalishusha lote na kupandisha jingine dogo. Jahazi la zamani lilikuwa na mabaharia wa kutosha. Ninyi mtakuwa na nahodha, fundi mashine na mabaharia watatu, ambao wameamka saa nane usiku na wataanza kushusha saruji wakifika. Kwa watu hao tanga lenye shida halitapandishwa. Nimekagua vyombo ambavyo tanga lake limefungwa kwa kamba mpaka kamba imeota ukungu, na mwenye chombo anaapa kuwa tanga "halisaidii".

Mfano ninaopenda kuwaonyesha wateja ni majahazi ya mizigo ya mto Thames, Uingereza. Yalibeba tani mia na zaidi, chini bapa, yakikaa kwenye matope maji yakipwa kama vyombo vyenu vinavyokaa, na yaliendeshwa na watu wawili au watatu tu. Tanga kubwa lilikuwa halishushwi. Lilivutwa kwa kamba kutoka chini likakusanyika mlingotini kama pazia, na falka, yaani shimo la mizigo, ikabaki wazi kwa kupakua. La mwisho kati yao lililobeba mizigo kwa tanga tupu, Cambria, liliacha kazi hiyo mwaka 1970, kwa hiyo si habari za kale sana. Wazo hilohilo la tanga linalokusanywa na mtu mmoja aliyesimama sitahani limerudi kwenye muundo unaoitwa Indosail, uliobuniwa na Wajerumani kwa ajili ya visiwa vya Indonesia, ukajaribiwa kwenye meli Maruta Jaya ya tani 900, na sasa uko kwenye Juren Ae ya Visiwa vya Marshall, meli ya mita 48 iliyojengwa Korea Kusini na kupokelewa mwaka 2024. Visiwa, shehena mchanganyiko, gati duni, mabaharia wachache: hao ndio ndugu zetu katika jambo hili kuliko Wafaransa.

Kwa chombo chenu ningechora milingoti miwili ya chuma, kama mita 18 juu ya sitaha, mmoja mbele ya falka na mwingine nyuma yake, kila mmoja ukibeba tanga la nyuma yake na tanga dogo la mbele linalojiviringisha kwenye waya. Kwa jumla mita za mraba 200. Kamba zote ziishie kwenye duara mbili za mkono, yaani vigurudumu vya kukazia kamba, karibu na kibanda cha nahodha, ili baharia mmoja apunguze tanga bila kupanda wala kutembea sitahani usiku. Mlingoti wa mbele uwe pia winchi yenu: mkono wa kuinua tani moja, ukifika kwenye gati na kwenye mashua zitakazowapokea mnapotia nanga. Mlingoti unaofanya kazi mbili hauonekani mzigo kwa mhasibu. Na fundi wenu msimwache: kushona, kuunga kamba, gofia (kapi) na henza (kamba ya kupandishia tanga) ni kazi yake, na atakayetengeneza tanga likichanika Kilwa ni yeye, mimi sitakuwepo. Kitambaa kiwe cha poliesta, kifunikwe bandarini, maana jua letu ndilo linaloua tanga kabla ya upepo.

Chini ya maji kuna mvutano ambao hauna jibu la bure. Tanga linataka mkuku, ule uti wa chini ya chombo, uende chini sana ili chombo kisiburuzwe kando. Kilindoni inataka chombo cha kina kidogo kinachokaa wima juu ya mchanga. Ubao wa kushuka katikati naukataa: ukijaa mchanga na makombe haushuki, ukishuka haupandi. Chukueni tumbo bapa lenye pembe, mkuku wa katikati usiozidi nusu mita, na mikuku miwili ya ubavuni ambayo chombo kitaikalia maji yakikauka. Kina cha chombo majini, kikiwa kimejaa shehena, kiwe mita 1.8. Mtapoteza kidogo mnapobisha, yaani mnapokwenda mkiukabili upepo, lakini wakati huo mashine inakuwa inafanya kazi hata hivyo, na mashine ikisukuma, tanga lililokazwa linaweza kuvuta hata upepo ukiwa karibu na omo, yaani mbele ya chombo, kuliko ambavyo jahazi tupu lingethubutu.

Kuhusu mashine nina neno moja tu ambalo wauzaji hawalipendi: ndogo. Dizeli kubwa inayotembezwa kivivu kwa sababu tanga linasaidia huingiwa na masizi, hula oili na hufa mapema. Mashine ya kilowati 110 hadi 120 inatosha, ya aina ambayo vipuri vyake vinapatikana Dar siku hiyohiyo, yenye giaboksi ya kupunguza mzunguko ili izungushe propela kubwa ya zaidi ya mita moja polepole. Propela ikae nyuma ya mkuku, isitangulie kugusa chini. Zile propela zinazobadilisha pembe ya mapanga ni bora kwa chombo cha tanga, sikatai, ila kwa bajeti yenu zinakuja awamu ya pili.

Uthabiti ndio mahali ambapo sikubali kukisia. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake kwenye tanga inazidi mara nne. Yale matanga ya mita 200, yakishikwa yote wazi na upepo wa ghafla wa noti 30, yatakilaza chombo nilichokieleza kama nyuzi 8 kikiwa kimejaa, na kama 13 kikiwa tupu. Angalia hilo la pili, kwa sababu biashara yenu haiko sawa: mnakuja na saruji nzito, mnaondoka na korosho na dagaa. Chombo chepesi, mgongo juu ya maji, kusi la mchana linakisubiri nje. Kwa hiyo chini kuwe na matangi mawili ya farumi, uzito wa kutuliza chombo, ya maji ya bahari na yenye pampu, na nahodha awe na karatasi ukutani inayosema kwa shehena hii na upepo huu tanga lipunguzwe mpaka hapa. Watu wa Unguja na Pemba hawahitaji kukumbushwa kuzama kwa meli za abiria Spice Islander mwaka 2011 na Skagit mwaka 2012. Chombo chenu ni cha mizigo. Abiria juu ya magunia hapana, hata akiwa shemeji wa mwenyekiti.

Karatasi hiyo haitoki kichwani. Chombo kikishakamilika kinafanyiwa jaribio la kuinamishwa: maji yametulia, asubuhi, uzito unaojulikana unahamishwa kutoka upande mmoja wa sitaha kwenda mwingine, na ndani ya falka timazi ndefu imening'inizwa, chuma chake kikiwa ndani ya ndoo ya maji ili isichezecheze, mtu anasoma imesogea milimita ngapi. Kutokana na milimita hizo ndipo tunajua kitovu cha uzito kiko wapi hasa, na milingoti miwili ya chuma imekipandisha kiasi gani. Wakaguzi wa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, watataka matokeo hayo na michoro kabla ya cheti. Mkisajili Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini ya huko. Nendeni kwao na mchoro wa kwanza kabla chuma hakijakatwa. Kubadilisha mstari kwenye karatasi ni rahisi, kubadilisha falka iliyochomelewa ni maumivu.

Kwa sasa msimlipe mtu yeyote fedha ya mchoro, mimi nikiwemo. Chukueni daftari, mliweke kwenye jahazi mnalolikodi, na kila safari iandikwe: saa ya kutoka, saa ya kufika, saa za kusubiri maji, upepo umetoka wapi asubuhi na mchana, lita zilizotumika, tani za kwenda na tani za kurudi. Ziwepo safari za kusi na safari za kaskazi. Halafu siku ya bamvua na siku ya maji mafu, yale yasiyopanda sana, mtu apige bildi, kamba ya kupimia kina, kwenye gati la Kilindoni, mahali chombo kitakapolala, maji yakiwa yamekauka na yakiwa yamejaa. Mkinitumia hayo nitaweza kuwaambia kama zinahitajika mita 200 za tanga au 150 zinatosha, na kama Mtwara iingie kwenye ratiba au ibaki safari ya kukodi.